Aliyekataa Kutoa Paswedi

Mfumo wa hospitali uligoma Jumatatu asubuhi, mapokezi yakiwa yamejaa watu waliolowa. Mvua ya Rungwe ilikuwa haijapumzika tangu mwisho wa wiki, na wagonjwa waliotoka Nkunga walifika na mabuti ya mpira yaliyotapakaa tope hadi magotini. Karani wa mapokezi aliandika jina la mtu wa kwanza kwenye kompyuta, akabonyeza, akasubiri. Akabonyeza tena. Watu walianza kunong'ona kwenye mabenchi. Akainua simu ya mezani na kumpigia Tulinagwe.

Tulinagwe alikuwa ofisa wa kompyuta wa hospitali ile ya kanisa, iliyo juu kidogo ya mji wa Tukuyu, upande wa Kawetele. Idara nzima ilikuwa yeye. Alizaliwa hukohuko Kawetele, akasomea kompyuta Mbeya, akafanya kazi Dar es Salaam, kisha akarudi nyumbani kwa hiari yake. Wengi walidhani kashindwa maisha ya mjini, naye hakujisumbua kuwaeleza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na ukimjibu hovyo alikuwa na tabia ya kukaa kimya akikutazama mpaka ujibu upya.

Alipofika chumba cha seva, orodha ya matukio ya mashine ilimweleza tatizo. Jumapili, watu wakiwa kanisani, kampuni ya Dar es Salaam iliyouuza ule mfumo iliingia kwenye seva kwa njia ya mtandao ili kuweka toleo jipya. Haikumwambia mtu. Kazi ikiwa katikati umeme ukakatika, betri ya dharura ikajikongoja kidogo, nayo ikazimika.

Programu za seva huja zimefungwa katika vifurushi ambavyo mafundi huviita pakeji. Kila pakeji hutaja nyingine inazozitegemea: hii haikai bila ile, na ile haikai bila nyingine. Ukiikatiza kazi hiyo njiani, unabaki na nyumba iliyoezuliwa bati za zamani huku mpya zimelala uani. Seva ya hospitali ilikuwa katika hali hiyo. Taa zake zilikuwa zinawaka na feni inazunguka, lakini mfumo wenyewe, wenye majina ya wagonjwa, majibu ya maabara na dawa walizopewa, haukuamka.

Alimpigia Boazi. Boazi alikuwa fundi wa kampuni kwa mikoa ya kusini, kijana wa Kyela ambaye Tulinagwe alisoma naye Mbeya, dawati moja.

"Tuli, najua," Boazi alisema kabla ya salamu. "Tumeona huku. Msiiguse."

"Unakuja lini?"

"Wiki ijayo. Ikishindikana, ile inayofuata. Niko Songea kwa mteja mwingine."

"Boazi, nina wagonjwa hapa."

"Ndiyo maana tumekuwa tukiwaambia muhamie kwenye seva yetu ya Dar. Katibu wenu akisaini leo, kesho mnafanya kazi kama kawaida. Hayo mambo ya kuwa na seva chumbani kwenu yamepitwa na wakati."

"Kwa hiyo hilo toleo jipya haliwaki bila sisi kusaini."

"Linaulizia ufunguo, namba ya idhini, kutoka kwetu. Ndivyo lilivyotengenezwa."

"Na mkaliweka Jumapili, bila kutuambia."

"Mkataba unaturuhusu kuapdeti, dada." Sauti yake ilipungua kidogo. "Mimi si mwenye kampuni."

Alipokata simu alikwenda moja kwa moja kwa Allen, katibu wa hospitali. Allen alikuwa mtu wa Rombo, aliyeletwa Tukuyu kusimamia utawala. Alikuwa mtu mwangalifu, mwenye kuvaa sweta mbili kwa sababu ya baridi ya Rungwe, na kitu alichokichukia kuliko baridi hiyo kilikuwa ugomvi.

"Katibu, naweza kuitengeneza leo," Tulinagwe alimwambia.

"Kampuni wanasemaje?"

"Wanasema tusubiri, au tusaini wahamishe kumbukumbu zetu zote Dar es Salaam."

Allen alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. "Paswedi kuu ya seva wanayo wao. Mkataba unasema mtu wao pekee ndiye anayeingia humo. Ukiharibu, nitamwambia nini askofu?"

"Nikiharibu, nitasema mwenyewe nimeharibu. Hawa wameharibu, na wanachotuambia ni tusaini."

"Subiri, dada Tulinagwe. Nitaongea nao. Usiiguse."

Siku ile alitii. Alirudi ofisini kwake akakaa akiitazama mvua. Wauguzi walitafuta madaftari ya shule wakaanza kuandika kwa kalamu, na wagonjwa wa kurudia dawa wakaulizwa wataje wenyewe walipewa nini mara ya mwisho. Mmoja alisema vidonge vyeupe. Mwingine alisema vya duara. Tangu mfumo uanze, faili za karatasi zilikuwa zimeachwa, na ile stoo ya mafaili ilikuwa sasa ofisi ya mshauri wa lishe. Jioni Allen alimwambia kwamba amezungumza na kampuni, kwamba ni watu waelewa, na kwamba yeye kwa upande wake anafikiria kusaini. Tulinagwe alikwenda nyumbani, mama yake akampakulia ndizi za maziwa, na akala bila kuonja chochote.

Kesho yake asubuhi Lilian, muuguzi wa wodi ya wanawake, aligonga mlango wake.

"Tuli, hii kompyuta haiwezi hata kufunguliwa tu mtu akasoma? Isiandike. Isome tu."

"Kuna nini?"

"Njoo mwenyewe."

Wodini, kwenye kitanda kilicho karibu na dirisha, alilala bibi mmoja mwembamba, amejifunika blanketi lake mwenyewe la kutoka nyumbani. Aliitwa Andongwisye, mkulima wa chai wa Nkunga. Homa ya mapafu ilikuwa imemshika barabara, kifua kinapanda na kushuka kwa haraka, na kila pumzi ikitoka na mlio.

"Ugonile, bibi," Tulinagwe alimsalimu.

"Ndaga, mwana." Bibi alimtazama, akavuta pumzi, akaanza kusema kidogo kidogo. "Mwaka jana nililala humuhumu. Walinichoma sindano, mdomo wote ukavimba, ulimi nao. Nikawa nakufa hivihivi naona. Wakanipa nyingine, hiyo ikanikubali, nikapona."

"Ilikuwa sindano gani?" Lilian aliuliza, ingawa ilionekana alikwisha kuuliza.

"Mimi nitajua wapi? Ila mliandika. Nilimwona yule dada anaandika kwenye kioo, tena aliniambia, bibi, hii nimeiandika kwa rangi nyekundu, hawatakuchoma tena." Alikohoa kwa muda mrefu. Lilian akamwinua mgongo, akamlaza tena. "Sasa si mtazame tu?"

Hakusema kwa lawama. Alikuwa anauliza kama mtu anayemwonyesha mwenzake kitu kilichopo mezani.

Nje ya wodi, Lilian alieleza yaliyobaki. Daktari alikuwa anasita kati ya dawa za aina mbili, zote kali, na moja kati yake ndiyo iliyotaka kumuua bibi yule. Kwa kuogopa kukosea alikuwa amemwanzishia ya tatu, dhaifu, na tangu jana haijafanya lolote. Wamepiga simu kwa watoto wake, hakuna anayekumbuka. Wamefikiria kumpeleka Mbeya, lakini hali yake barabarani ingekuwa ya kubahatisha.

Tulinagwe hakurudi ofisini. Alikwenda kwa Allen, akamkuta na kalamu mkononi na karatasi za kampuni mbele yake.

"Katibu, naingia chumba cha seva sasa hivi."

"Tulikubaliana..."

"Hatukukubaliana. Uliniambia nisubiri, nikasubiri. Sijaja kuomba ruhusa. Nimekuja kukuambia ili usisikie kwa watu."

Allen aliweka kalamu chini. "Unajua ninaweza kukusimamisha kazi kwa maneno hayo?"

"Najua. Andika barua, mimi nipo kule nafanya kazi. Lakini hiyo karatasi usiisaini kabla hujakwenda wodi ya wanawake ukamsikia bibi aliye kitanda cha dirishani anavyopumua."

Akatoka. Alipofika koridoni aliongeza mwendo.

Chumba cha seva zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Hakikuwa na kiyoyozi. Baridi ya Tukuyu ilitosha. Aliunganisha skrini na kibodi kwenye mashine, akachukua diski ya nje kutoka kwenye mkoba wake, akavuta kiti. Paswedi kuu hakuwa nayo. Lakini mashine ilikuwa mbele yake, na mwenye mashine mbele yake ana mlango ambao mtu wa mbali hana. Aliizima, akaiwasha, na kabla haijaamka sawasawa akaikatiza kwenye menyu ya mwanzo, akaiambia iamke katika hali ya ukarabati. Seva ikampokea bila kumuuliza yeye ni nani. Akaandika amri ya passwd, akaweka paswedi mpya, akairudia.

Kuanzia hapo, kampuni ilikuwa nje na yeye ndani.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kutengeneza. Alinakili kumbukumbu zote za wagonjwa kwenye diski ya nje, akahakikisha nakala inasomeka, akaichomoa diski na kuiweka mfukoni mwa sweta. Sasa hata akiharibu, atakuwa ameharibu mashine tu. Kisha akaandika amri ya kumalizia kazi iliyokatizwa:

dpkg --configure -a

Mistari myeupe ikapanda kwenye skrini nyeusi. Pakeji moja ikakaa sawa, ya pili ikakaa, ya tatu. Ilipofika zamu ya pakeji ya mfumo wenyewe, ikagota. Ufunguo haujathibitishwa, ilisema. Wasiliana na msambazaji.

"Siwasiliani," Tulinagwe aliiambia.

Ilikuwa kama alivyotarajia. Toleo jipya lilikuwa limefunguliwa lakini halijasimikwa, na katika huko kutosimikwa mlikuwa na bahati, kwa sababu halikuwa limefika mahali pa kubadilisha mpangilio wa kumbukumbu. Kumbukumbu zilibaki jinsi toleo la zamani lilivyoziacha. Na toleo la zamani hospitali ilikuwa imelinunua moja kwa moja, bila ufunguo wala kikomo. Hilo alilijua kwa sababu alikuwapo siku lilipowekwa. Kilichotakiwa ni kulirudisha.

Aliingia kwenye folda ambamo seva huweka pakeji ilizowahi kupakua. Fundi mwenye kupenda usafi huifuta folda hiyo mara kwa mara. Kampuni haikuwa na usafi wa namna hiyo. Pakeji ya toleo la zamani ilikuwepo, imekaa tu, jina lake na namba yake vimeandikwa wazi.

Simu ikalia. Boazi.

"Nani yuko kwenye seva?"

"Mimi."

"Tuli, toka humo. Naona mashine imewashwa upya na sisi hatuwezi kuingia."

"Hamuwezi kwa sababu nimebadilisha paswedi. Ngoja kidogo." Aliandika mstari mmoja, akabonyeza. "Na sasa nimeondoa funguo zenu za kuingilia kutoka mbali. Nakwambia ili usije ukahangaika kutafuta kosa upande wako."

Boazi akasema taratibu, kama mtu aliyezungukwa na wengine wanaosikiliza. "Unavunja mkataba. Unajua kampuni ina wanasheria?"

"Wana wanasheria, mimi nina bibi wa Nkunga asiyeweza kupumua. Toleo la zamani ni letu, Boazi, mlituuzia. Ninalirudisha. Waambie wanasheria hivyohivyo, neno kwa neno."

"Hutaweza. Lile la zamani linahitaji maktaba tuliyoiondoa Jumapili."

"Ahsante," alisema Tulinagwe. "Umenipunguzia kutafuta." Akakata.

Hakumdharau Boazi kwa maneno yale. Alijua amesema kweli, na labda alijua pia kwa nini amesema. Alijaribu kuiweka pakeji ya zamani na seva ikamjibu vilevile: inategemea maktaba fulani, yaani kifurushi cha msaada ambacho programu nyingine hukitumia, na maktaba hiyo haipo. Maktaba yenyewe haikuwa ya kampuni. Ilikuwa ya bure, imewekwa kwenye ghala la wazi la pakeji ambalo dunia nzima inachota, lakini kila alipoiagiza, seva ilikwenda kwanza kugonga kwenye ghala la kampuni, ikaulizwa ufunguo, ikarudi mikono mitupu. Alifungua faili linaloorodhesha maghala, akatafuta mstari wa kampuni, akaweka alama ya reli, #, mbele yake. Mstari wenye alama hiyo seva huuruka kana kwamba haupo.

Akaagiza tena. Safari hii seva ilikwenda mahali sahihi, lakini hapohapo mtandao wa hospitali ukakatika kwa sababu ya mvua. Alitoa simu yake, akaifanya iwe chanzo cha mtandao, akaunganisha. Mawimbi yakawa yanakuja na kuondoka. Upakuaji ulisogea, ukasimama, ukasogea, ukakatika. Akaanza upya. Ukakatika.

Alipogeuka alimwona Allen mlangoni. Hakujua amesimama hapo tangu lini. Miwani yake ilikuwa na ukungu.

"Kampuni wamenipigia," Allen alisema. "Wanataka nikuondoe humu."

"Nitatoka nikimaliza."

"Na nikikuamuru sasa?"

"Utakuwa umeniamuru, na mimi nitakuwa nimekataa. Mashine hii ilinunuliwa kwa fedha za mnada wa kanisa, katibu, wewe ulikuwa hujafika bado. Mama zetu walibeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka huko juu wakaileta ikauzwa baada ya ibada. Hakuna mtu wa Dar aliyebeba hata chane moja. Siwezi kukaa nikaangalia wanaifunga kwa komeo lao halafu wanatuuzia ufunguo."

Allen alitazama skrini, ambako upakuaji ulikuwa umesimama tena.

"Mbona haiendi?"

"Mawimbi. Simu inashika vizuri pale dirishani tu, ila nikiiacha juu ya kizingiti inaanguka."

Allen alisogea kwenye dirisha, akaipokea simu mkononi mwa Tulinagwe, akainyoosha juu karibu na kioo, mkono wake mwingine umeshika ukingo wa dirisha. Nje Mlima Rungwe haukuonekana. Kulikuwa na mawingu meupe tu na migomba inayoinama.

"Sijakuruhusu," alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Nimeshika simu tu."

"Inua kidogo. Kulia. Hapo."

Maktaba ikashuka yote. Tulinagwe akaiweka, kisha akaweka pakeji ya zamani, na seva ikamwonya kwamba anarudi nyuma kutoka toleo jipya kwenda la zamani, je, ana hakika? Alikuwa na hakika. Mistari ikapanda. Hakuna kilichogota. Akauamsha mfumo, akafungua ukurasa wake kwenye kompyuta ndogo aliyokuja nayo, na ukurasa ule wa bluu ambao kwa kawaida haukuwahi kumfurahisha ukajitokeza ukiuliza jina la mtumiaji.

Alimpigia Lilian. "Tafuta jina lake. Sasa."

Alisikia kibodi ya upande wa pili. Akasikia Lilian akimtamkia mtu jina la dawa, kisha sauti ya daktari ikiuliza, una uhakika ndiyo hiyo, na Lilian akijibu kwamba imeandikwa kwa nyekundu, na iliyomkubali ipo chini yake. Viatu vikakimbia. Simu ikaachwa wazi mezani, na Tulinagwe akaendelea kuisikiliza ile wodi kwa muda, watu wakipita, kitanda kikisukumwa, kabla ya kukata.

Kabla hajasimama aliandika mstari mmoja zaidi, apt-mark hold na jina la pakeji ya mfumo. Hiyo ni amri ya kushikilia: pakeji iliyoshikiliwa haibadilishwi na sasisho lolote mpaka mwenye seva aiachie mwenyewe. Allen alikuwa bado ameinua mkono.

"Unaweza kuushusha, katibu."

Aliushusha, akaukunjakunja kama uliokufa ganzi, akampa simu yake na kuondoka.

Bibi Andongwisye aliipata dawa yake mchana ule. Haikuwa miujiza, alikaa wodini muda mrefu, homa ikishuka na kurudi, na kuna asubuhi moja Lilian alidhani wamechelewa. Lakini kifua kilifunguka. Tulinagwe alipokwenda kumwona alimkuta anagombana na mhudumu kuhusu uji usio na chumvi, naye akarudi ofisini mwepesi.

Boazi alikuja mwisho wa wiki, kwa gari la kampuni, na mkataba ukiwa ndani ya bahasha ya plastiki. Walikaa watatu ofisini kwa Allen. Boazi alikuwa amevaa shati la kampuni na hakumtazama Tulinagwe usoni.

"Kampuni inataka mambo mawili," alisema. "Ofisa wenu aandike kuomba radhi, na paswedi ya seva irudi kwetu leo. Vinginevyo tunasitisha huduma zote."

"Radhi ya nini?" Tulinagwe aliuliza.

"Kuingia bila idhini."

"Niliingia kwenye mashine ya hospitali inayonilipa niitunze. Radhi siandiki."

"Basi paswedi."

"Nayo sikupi."

"Tuli." Sasa alimtazama. "Ungenipigia kabla, ningekuelekeza cha kufanya."

"Nilikupigia. Ulinielekeza nisubiri."

Boazi aliinamisha kichwa akaipangusa bahasha ambayo haikuwa na vumbi. Tulinagwe aliona jinsi sikio lake lilivyokuwa limeiva kwa aibu, akakumbuka kwamba ndivyo lilivyokuwa pia Mbeya alipokosea mbele ya darasa, na akamhurumia. Huruma hiyo haikubadilisha jibu lake.

"Paswedi ni mali ya hospitali," alisema. "Katibu akiitaka, ninampa sasa hivi, hapa, mkononi mwake. Akishaipata, akitaka kukupa, ni juu yake, nami nitakuwa nimemwambia kwamba anakosea."

Wote wawili wakamgeukia Allen. Nje bajaji ilikuwa inajaribu kupanda kilima cha hospitali, injini ikilia, ikarudi nyuma, ikajaribu tena. Allen alivuta sweta ya juu, akaifunga kifungo.

"Mimi siitaki leo," alisema.

"Katibu," Boazi akaanza, "unaelewa kwamba mkisitishiwa huduma..."

"Nimeelewa. Nilikwenda kumwona yule bibi." Akamsukumia Boazi zile karatasi za kuhama, zisizo na sahihi. "Peleka. Waambie hospitali imekataa."

Haikuishia kwenye kupongezana. Boazi alipoondoka, Allen alitoa kwenye droo barua aliyokwisha kuiandika kwa ajili ya Tulinagwe. Ilikuwa onyo la utovu wa nidhamu, kwa kukaidi agizo la katibu mbele yake, na chini palikuwa na mstari uliosema kwamba mhusika anajutia kitendo hicho.

"Ulikaidi," Allen alisema. "Nikiliacha hivihivi, kesho kila mtu ataingia hapa kuniambia hakuja kuomba ruhusa."

"Ni kweli nilikaidi." Tulinagwe alichukua kalamu, akakata ule mstari wa majuto kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika pembeni, nimepokea, sijuti, akasaini. "Iweke kwenye faili langu."

Allen aliisoma. Akaonekana anataka kukasirika, akakosa nguvu. Akaitia kwenye faili.

Kampuni ilisitisha huduma kama ilivyosema. Tangu hapo seva yote ikawa ya Tulinagwe peke yake, na haikuwa mzigo mdogo. Pakeji nyingine zilihitaji kusasishwa kwa ajili ya usalama, na ile iliyoshikiliwa ilibidi izungukwe kwa uangalifu, maana kila kilichosasishwa kingeweza kuiangusha. Safari moja ilianguka kweli. Akatangaza mwenyewe kwa kila wodi kwamba kosa ni lake, akalirekebisha kabla ya chakula cha mchana. Alimlazimisha Allen kununua betri kubwa ya dharura. Paswedi aliiandika, akaifunga kwenye bahasha yenye lakiri, akaikabidhi kwenye kikao cha bodi, na wajumbe wakaifungia kwenye sefu. Alianza pia kutafuta mfumo mwingine, wa wazi, usiohitaji ufunguo wa mtu, akiujaribu kidogo kidogo kwenye kompyuta ya zamani.

Siku moja, akiwa katika majaribio hayo, simu yake iliita kutoka namba asiyoijua.

"Dada Tulinagwe? Naitwa Godwin. Niko hospitali moja huku milimani, wilaya nyingine. Namba nimepewa na Boazi. Amesema nisimtaje."

"Umeshamtaja. Endelea."

Godwin alicheka kwa wasiwasi. Kisha akaeleza: toleo jipya, ufunguo, karatasi za kusaini, bosi wake aliyekwisha kushika kalamu. Alizungumza haraka, kwa sauti ya mtu aliyejificha kwenye korido.

"Wameniambia nisiiguse," alimaliza. "Na nasikia ninyi mlikataa."

"Tulikataa. Seva iko wapi?"

"Niko mbele yake."

"Vizuri. Una diski ya nje?"

"Ninayo."

"Basi nenda kwanza kwa bosi wako, umwambie usoni unachotaka kufanya. Usimfiche. Ukirudi tunaanza na nakala ya kumbukumbu za wagonjwa. Bila hiyo sikuambii amri hata moja. Na usifute kitu chochote kwenye hiyo mashine, hata kama kinaonekana takataka."

"Na bosi akikataa?"

Tulinagwe alivuta kiti karibu na dirisha, mahali simu inaposhika vizuri.

"Atakataa," alisema. "Nenda kamwambie. Mimi nakusubiri hapahapa kwenye simu."